Jinzi Iliyonyamaza Mara Arobaini

Mwalimu Kajuna alifika mezani kwangu saa tatu asubuhi, suruali yake imetobolewa magotini na cheche. Alikuwa anafundisha kuchomelea vyuma katika chuo kimoja cha ufundi hapa Dodoma, na kazi hiyo haitaki vitambaa vya plastiki, maana vikiangukiwa na cheche vinayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Inataka jinzi. Ndiyo maana alikuja Nyumba ya Uteuzi, tena akiwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Shikamoo, Mama Minza."

"Marahaba, Mwalimu. Kadi yako ya maji imebaki na lita ngapi?"

"Elfu mbili na mia mbili, mpaka Desemba. Na nyumbani tuna kichanga."

Ilikuwa Septemba. Sikumpa pole, kwa sababu pole nimeshaitoa mara nyingi mno kwenye meza hii na haijawahi kumwongezea mtu hata kikombe. Nilimtandikia jinzi nne. Ya kwanza ilikuwa ya kizamani, iliyochemshwa na kusuuzwa mara nyingi, lita elfu tatu za kukatwa kwenye kadi. Niliiweka kwa sababu kanuni inataka iwekwe, kadi yake isingeimudu. Ya pili ilichanganywa na katani, lita mia tisa. Ya tatu ilikuwa mtumba wenye viraka, ambao maji yake yalishalipiwa na marehemu fulani wa Ulaya. Ya nne ilikuwa ya chapa ya Samawi, mpya, laini, buluu ya kupendeza. Lita tatu.

"Hiyo ya viraka haina lita hata moja," nilimwambia. "Kwa mazingira hakuna inayoishinda."

"Mama, vijana wangu watanicheka mpaka wajikate vidole na mashine." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya Samawi. "Hii lita tatu ni kweli?"

"Ndiyo kazi yangu kujua."

Nilitafuna kwanza kipande cha muhogo mkavu. Sisi waonjaji hatusafishi ulimi kwa maji; ingekuwa aibu. Kisha nikafumba macho na kuweka pindo la mguu wa kushoto mdomoni. Chini ya ulimi wangu kuna punje iliyopandikizwa nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, ukubwa wake kama wa mchele. Kila nguo inayouzwa nchini hushonewa uzi-shahidi kwenye pindo, na uzi huo hukumbuka maji yote yaliyoipitia nguo: kiasi gani, ya moto au ya baridi, ya mto au ya bomba, na nani aliyemimina. Punje husoma, ulimi huonja, nami hutamka namba. Watu husema mashine ingeweza kuifanya kazi hii. Iliifanya, mpaka wenye viwanda walipojua namna ya kuihonga.

Uzi wa Samawi ulianza vizuri. Pamba ya mvua, rangi ya nili iliyopulizwa kwa hewa badala ya kuchemshwa kwenye pipa. Lita moja, mbili, tatu. Halafu ukanyamaza, na ladha ya magadi ikapita kwenye ulimi. Ukaamka kidogo, ukanyamaza tena. Magadi tena. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama tulivyofundishwa. Uzi ulinyamaza mara arobaini.

Nguo kunyamaza si ajabu. Nguo yoyote ikifuliwa kwa sabuni ya magadi uzi wake hunyamaza, na sheria inaruhusu, kwa kuwa maji ya nyumbani ni siri ya mwenye nyumba. Lakini jinzi hii ilikuwa mpya, haijawahi kuwa na mwenyewe wala nyumba. Na chini ya magadi kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikutoka kwenye uzi bali kwenye kitambaa chenyewe, chumvi yenye kutu kidogo. Chumvi hiyo naijua tangu nilipoachishwa ziwa. Ni ya kisima cha Isangalya, kijijini kwetu.

Nilifumbua macho. Mwalimu alikuwa ananitazama mdomo.

"Hii siwezi kuipigia muhuri leo," nilisema.

"Ina kasoro?"

"Sijui bado."

"Mama Minza, mimi sina haja ya jinzi nzuri. Nina haja ya hizo lita tatu." Alisubiri nibadili maneno, kisha akaikunja suruali kwa adabu, akaiacha mezani, akaondoka na magoti yake wazi. Jioni ile nilikata tiketi ya treni ya Shinyanga.

*

Lazima nieleze ni nani aliyezifundisha nyuzi kunyamaza. Ni mimi.

Miaka ya mwanzo ya kadi, nyuzi zilisema kila kitu. Baba yangu aliugua tumbo miezi mitatu kabla hajafariki, na mama yangu, Mayu, alifua mashuka yake kila siku, wakati mwingine mara tatu. Nyuzi za mashuka zilihesabu, na maji yote yakaandikwa kwa mkono uliomimina. Kufikia Agosti kadi ya Mayu ilikuwa imeisha, na siku hizo hata kisima kilikuwa hakichotwi bila kadi. Mwanamke aliyelisha nusu ya kijiji wakati wa njaa alipita mlango hadi mlango na bakuli la bati, akiomba maji ya kunywa, na ndani ya nyumba kuna msiba. Mimi nilikuwa mwonjaji mpya mjini, nina muhuri na mshahara. Nilipata habari baada ya miezi miwili. Hasira ile haijanitoka, na sioni sababu ya kujisingizia kwamba imetoka.

Basi Baraza la Waonjaji lilipotafuta njia ya kuyaacha maji ya nyumbani yasihesabiwe, nilijitokeza. Nilipika sabuni ya Mayu kwa mikono yangu, magadi na mafuta ya ng'ombe, nikaipeleka maabara na kuzizoesha nyuzi wiki baada ya wiki, mpaka uzi ukiionja unafunga mdomo. Hakuna kiwanda kilichotumia sabuni ile. Ilikuwa ya wanawake, ya vibarazani. Nilitangaza redioni kwa sauti yangu: "Mama, fua nguo za mwanao. Nyuzi zitasahau."

Huo ulikuwa uongo mdogo. Uzi hauwezi kusahau. Unanyamaza tu, na kila ulichokiona kimo ndani, kinasubiri mtu wa kuufungua. Wahandisi walijua, mimi nilijua. Niliona haina haja ya kuwatia hofu akina mama.

*

Isangalya niliifikia mchana, jua likiwa kali. Sikuhitaji kuuliza mtu. Kila uwanja ulikuwa na mabeseni, na kila kamba, ua na mchongoma ulikuwa umeanikwa jinzi. Maji yaliyomwagwa yalikuwa yametengeneza mfereji mwembamba wa buluu katikati ya njia, na kuku walikuwa wanakunywa humo.

Mdogo wangu Holo alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasugua paja la suruali kwa jiwe. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko.

"Mwadila, dada," alinisalimu bila kusimama. "Umekonda. Huko mjini wanakulisha nini?"

"Mwadila. Holo, hii ni nini?"

"Ni kazi. Hujawahi kuiona?"

Nilikaa kwenye kigoda cha pili. Alinieleza huku anasugua, kama anayemweleza mgeni jinsi ya kufika posta. Jinzi za Samawi zikitoka kiwandani ni kavu kweli, hazijaona maji zaidi ya lita tatu, lakini ni ngumu kama bati na hakuna anayezitaka. Kampuni ikagundua kwamba zikifuliwa kwa mkono mara arobaini zinalainika. Kwa hiyo kila wiki mbili gari linaleta mzigo wa suruali mia mbili. Wanawake wanazifua mara nne kwa siku kwa siku kumi, beseni moja kwa kila suruali kila mara, kama lita nane. Sabuni inaletwa na kampuni, na sharti ni moja: iwe ya magadi.

"Unajua kwa nini wanataka magadi?"

Holo alicheka kidogo. "Dada, sisi ni washamba, si wajinga. Redio tulikuwa nayo."

"Na wanawalipa nini?"

"Maji." Alinyanyua kidevu kuelekea barabarani. "Ijumaa linakuja boza. Maji matamu, masafi. Madumu mawili kwa kila anayemaliza suruali zake. Ya kisima hatunywi tena, yana rangi. Na kamba ya ndoo tumeiunga mara tatu tangu Januari."

Nilielewa polepole, kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya. Walikuwa wanamaliza maji yao ili walipwe maji. Kila suruali waliyoifua ilizidisha haja yao ya boza, na boza lilikuja kwa sababu walifua. Katikati ya mtego huo kulikuwa na sabuni ya mama yetu.

"Kisima kitakauka," nilisema.

"Krismasi hakifiki. Fundi alikipima."

"Mbona hukuniambia?"

Aliacha kusugua. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Ningekwambia, ungefanya nini? Ungekuja kutuokoa." Neno hilo alilisema kama jina la ugonjwa. "Sikiliza. Tumekaa vikao, sisi wanawake thelathini na mmoja. Kuna wanaotaka kuacha. Kuna wenye wagonjwa ndani, hawawezi kuacha leo. Tunataka kwanza kuweka akiba ya maji ya boza mpaka mvua za Novemba, ndipo tuwaambie hapana, wote kwa pamoja. Bado wiki sita. Usiguse kitu, dada. Nakuomba."

"Wiki sita ni mabeseni mangapi?"

"Najua kuhesabu."

"Na hizo suruali zinauzwa mjini kwa jina la kuokoa maji. Watu wanadanganywa, Holo. Nami ndiye ninayewapigia muhuri."

"Hapo sasa umesema kinachokuuma," alijibu, akachukua jiwe lake.

Usiku nililala chumba cha Mayu. Nilimwambia Holo nitafikiri. Alinijibu kwamba mtu anayefikiri huuliza maswali, na mimi tangu nifike nimeuliza ya kazini tu. Nilidhani ananitania.

*

Niliporudi Dodoma, msimamizi wangu, Bwana Chengula, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Mzigo wa Samawi, suruali mia mbili, ulikuwa bado ghalani ukisubiri muhuri wangu.

"Una nini mkononi?" aliuliza. "Uzi umesema lita tatu. Wewe una chumvi mdomoni. Wanasheria wao watatucheka."

"Kitambaa kimefuliwa mara arobaini. Mwonjaji yeyote atahesabu."

"Atahesabu ukimya. Ukimya hauna lita." Alinisogezea karatasi. "Yafungue magadi. Uliyafunga wewe, saini yako ndiyo inayoyafungua. Nyuzi zitasema kila kitu, mpaka na mikono iliyofua."

"Zitafunguka nyuzi ngapi?"

"Zote, Minza. Hatuna ufunguo wa suruali mia mbili tu. Ni zote au hakuna."

Zote maana yake miaka kumi na miwili ya kila nyumba nchini. Kila nepi, kila shuka la mgonjwa, kila sare ya shule iliyofuliwa na mwanamke aliyeniamini redioni, lita zake zingetoka na kuandikwa kwa mkono wake. Wengine wangedaiwa maji ambayo wasingeweza kuyamaliza kulipa maishani. Wa kwanza wangekuwa wale thelathini na mmoja. Niliona bakuli la Mayu, lakini safari hii mikononi mwa wanawake nisiowajua, wengi, wamejipanga mlangoni kwangu. Nilimrudishia karatasi yake bila saini.

"Basi pigia muhuri," alisema Chengula, si kwa ubaya. "Mwezi ujao utaonja nyingine."

"Kuna kifungu cha kumi na tisa."

Alivua miwani. Kifungu cha kumi na tisa kilitungwa kwa ajili ya misiba. Mtu akifa, maji ya kumwoshea yanabaki bila mwenyewe, na kadi yake imeshafungwa. Sheria inaruhusu ndugu mmoja asimame mbele ya shahidi na kusema maji haya ni yangu, nayo yanaandikwa kwake bila uzi kuulizwa. Ndugu hugombania kuyabeba. Ni heshima ya mwisho. Hakuna popote palipoandikwa kwamba lazima awepo maiti.

"Suruali mia mbili," nilisema, "mara arobaini, mara lita nane. Ni lita elfu sitini na nne. Ziandikwe kwangu."

"Kadi yako ni elfu kumi na nane kwa mwaka."

"Nimeshahesabu."

"Ni miaka mitatu na nusu bila tone la bomba. Hutaweza kukaa mji wowote wenye mita."

"Lakini kila suruali itapata namba yake ya kweli. Lita mia tatu ishirini na tatu badala ya tatu. Na chapa iliyokutwa na tofauti kubwa namna hiyo inasimamishwa siku hiyohiyo, nchi nzima. Nyuzi za watu zinabaki zimenyamaza."

Chengula alinisogezea wino. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilijisikia msafi, kama niliyeoga. Nilikuwa nimepata njia ambayo haimuumizi mtu isipokuwa mimi, na wakati ninaweka dole gumba kwenye wino nilikuwa nafikiria jinsi Mayu angejivuna. Zile wiki sita za Holo sikuzikumbuka. Au nilizikumbuka, nikaona kwamba siku moja zaidi ya uongo ule ni nyingi mno. Mpaka leo sijajiamulia ipi ni kweli.

Kesho yake Samawi iliondolewa kwenye meza zote. Mwalimu Kajuna alikuja, akakuta tangazo, akachukua ile ya viraka. Nilimweleza kilichotokea. Alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo nilikuwa ninywe kisima cha watu." Kisha akauliza kama viraka vile vitastahimili cheche mpaka Desemba. Nilimwambia sijui.

*

Nilirudi Isangalya wiki ya tatu na sanduku moja. Kadi yangu ilikuwa haifungui hata bomba la kituo cha treni.

Hakukuwa na jinzi hata moja kwenye ua. Mabeseni yalikuwa yamefunikwa kifudifudi. Kampuni haikusubiri wakaguzi. Siku chapa iliposimamishwa, gari lao lilikuja kuchukua mzigo uliobaki, hata wenye povu, likaondoka. Ijumaa ile boza halikuonekana, wala Ijumaa iliyofuata. Watu walisema limeonekana kijiji kingine, mbali, upande wenye visima.

Holo alikuwa kwenye kigoda chake, mikono imelala magotini. Rangi ilikuwa haijatoka. Alinionyesha kigoda cha pili kwa macho.

"Kisima kitapona," nilisema. "Hamkichoti tena kwa ajili ya suruali. Mvua zikija, mwakani maji yatarudi na rangi itaisha. Fundi mwenyewe amesema."

"Amesema kweli."

"Na hakuna aliyeandikiwa lita. Yote nimeyabeba mimi."

"Tumesikia. Msimamizi wako alituma barua, tukasomewa mkutanoni." Alitazama mikono yake. "Mama Ngolo, jirani yetu, alifariki Jumanne. Alikuwa anaugua figo, unakumbuka? Daktari alimkataza maji ya kisima. Tulikuwa tunamwekea dumu moja moja la boza. Tulikuwa tumefikisha madumu manne tu, yakaisha."

Niliyatazama mabeseni yaliyofunikwa.

"Sikulaumu kwa figo zake," Holo aliendelea, bila kupaza sauti. "Pengine angekufa hata na madumu mia. Nakulaumu kwa jambo moja tu. Mara ya kwanza ulitunyamazisha kwa wema. Mara ya pili umetusemea kwa wema. Miaka kumi na miwili, dada, na kote huko hakuna siku uliyokaa kwenye hiki kigoda ukatuuliza tunataka nini. Wakati huu nilikwambia bila kuulizwa. Ukasikia, ukaenda kufanya la kwako."

Nililia. Hakunibembeleza, na hakuniambia ninyamaze. Ng'ambo ya ua wanawake wawili walikuwa wanarudi kisimani na ndoo iliyojaa nusu, wakatuangalia, wakapita.

Nilipoweza kusema nilimgeukia. "Nakuuliza sasa, Holo. Mnataka nini?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa haki, kama anayepima swali ambalo limechelewa lakini limefika.

"Ungeuliza mwezi uliopita ningekuwa na mengi," alisema. "Leo tunataka maji ya kunywa."

Nami sikuwa nayo.